Kalamu Nyekundu na Jina la Mwalimu Lemigio

Siku yangu ya kwanza kazini nilifokewa kabla sijaonyeshwa kiti. Nilikuwa nimetoka nyumbani alfajiri ili nisichelewe, gauni jipya, mtandio umenyooshwa kwa pasi ya mkaa, na Meneja wa Tiketi alikuwa amesimama mlangoni na karatasi mkononi. Hakuniambia karibu. Aliniuliza jina, nikamtajia, akaliandika, akanigeuzia ile karatasi nisome. Ilikuwa imeandikwa Lehema. Nikamwambia kwa adabu kwamba mimi ni Rehema, kwa R. Akaichana karatasi mbele yangu.

"Huyu Lehema hasafiri," alisema. "Ndege haimjui. Sasa ingia, kazi nimeshakufundisha."

Nilimwona mtu mwenye kiburi tu. Ilinichukua miaka thelathini na kitu kuelewa alichokuwa akisema, na hata hivyo nilielewa nikiwa nimechelewa, mbele ya geti la watu, ugenini.

Nyie mnaobonyeza simu mkapata tiketi hamjui tulikotoka. Ofisi yetu ilikuwa ya wakala wa usafiri, ghorofani katikati ya Kampala, juu ya duka la viatu. Kazi ilikuwa kumkatia mtu tiketi, kumtafutia viza na hoteli, na akipotea, kulaumiwa. Moyo wa kazi ile ni manifesti, yaani orodha ya majina ya wasafiri, kila jina herufi kwa herufi kama lilivyo kwenye pasipoti. Orodha hizo tulizisoma kwenye simu kwa alfabeti ya ndege, ambayo kila herufi ina neno lake ili isisikike vibaya: A ni Alfa, L ni Lima, R ni Romeo. Kutwa nzima Romeo, Lima, Romeo, mpaka unarudi nyumbani unamwita mume wako kwa herufi.

Na kazi hiyo tuliifanya Kampala! Mungu ana mizaha. Ulimi wa Mganda haupendi kuanza neno kwa R, na katikati ya neno pia mara nyingi huigeuza L. Rashidi kwake ni Lasidi, Ramadhani ni Lamazani, redio ni leediyo. Safari yenyewe wanaiita safali, kwa hiyo nimefanya kazi ya safari maisha yangu yote katika mji usioweza kuitamka. Mimi ni Mnubi, babu zetu walikuja na bunduki za Wazungu kutoka Sudani, na R tunayo ya kutosha na ya kuwagawia majirani. Tena shangazi yangu aliolewa Mombasa, nikalelewa kwake miaka sita, nikarudi na Kiswahili ambacho Kampala walikiita cha redio. Nilikuwa najivuna nacho. Nasema ukweli, nilijivuna mno.

Kutoka kwenye tiketi nilihamishiwa dawati la hija, chini ya Mkuu wa Idara ya Hija, mzee mmoja mkali aliyekuwa anahesabu watu kwa kuwagusa kichwa. Hapo ndipo nilipopata uhajati wangu na vidonda vya tumbo. Umewapanga wazee arobaini mstarini, kila mmoja na kadi shingoni, ukigeuka kumjibu askari wamebaki thelathini na tisa, na wa arobaini amekaa chini anatafuta kiatu ambacho amekivaa. Mkuu wa Idara alikuwa akisema, "Rehema, msafiri ni mtoto mwenye ndevu. Usimwulize kama ameelewa, mwangalie anaelekea wapi." Alisema kweli.

Baadaye ofisi ikanunuliwa, akaja Mkurugenzi, kijana wa suti nyembamba na viatu visivyo na soksi. Yeye hakutaka hija tu. Alitaka misafara ya makundi: vyama vya wafanyabiashara, kwaya, wastaafu. Akanifanya kiongozi wa msafara, yaani yule anayetangulia na kibendera, anayebeba pasipoti za kila mtu, na anayekula wa mwisho. Nikaletewa karani wa kunisaidia kuandika manifesti, binti Mganda aitwaye Nakato, mpole, mwepesi wa vidole, ila ukimwambia aandike Ruth anakuuliza kama ni ya L.

Basi mimi nikanunua kalamu nyekundu. Kila orodha ya Nakato ilipita kwangu, nami nikakata, nikapachika, nikarudisha ikiwa imevuja damu. Nilimwita mwanangu, naye akaniita Hajati, lakini kalamu yangu ilimwita mjinga kila siku, miaka saba. Alikuwa akiichukua karatasi kwa mikono miwili, anasema, "Kale Hajati," sawa Hajati, anakwenda kuandika upya.

Mwalimu Lemigio alikuja ofisini asubuhi moja ya mvua, akiwa na mwavuli na bahasha ya hospitali. Alipapasa ukingo wa dawati kabla hajakaa. Alikuwa amefundisha Kilatini na historia ya Warumi katika shule za misheni kwa miaka arobaini, akastaafu, akaenda kukaa kwa mwanawe huko Ggaba, karibu na mwalo wa kushushia samaki wa ziwani. Sasa presha ya macho ilikuwa inamla. Daktari alimwambia wazi kwamba vikubwa bado atavikamata kidogo, vidogo vimeshamtoka, na ifikapo Krismasi asitegemee chochote.

"Naona kama mtu anayechungulia kwenye bomba, Hajati," aliniambia, "na bomba lenyewe linazidi kuwa jembamba. Miaka arobaini nimewafundisha watoto wa watu juu ya mji uliofukiwa na majivu ya volkano. Nimewachorea barabara zake ubaoni. Sijawahi kuuona. Nataka safali moja tu."

Sikumsahihisha ile safali yake, kwa kuwa alikuwa mteja na alikuwa mzee. Nilimwambia tutaona.

Mkurugenzi alisema mtu mmoja hana faida, apachikwe kwenye kundi. Kundi lililokuwepo lilikuwa la wauza vitambaa wa Nakawa waliokuwa wanakwenda Italia kutazama viwanda, na siku ya mwisho wapelekwe kwenye mlima wa volkano asubuhi na kwenye magofu ya Warumi mchana. Watu kumi na wanne: Waganda, Wakenya wawili, Wanubi wenzangu, na Wakongomani chini ya mwenyekiti wao, Mama Furaha, mzaliwa wa Goma. Lugha waliyoelewana wote ilikuwa Kiswahili, kila mtu na chake. Ndiyo sababu nilipewa mimi.

Sasa sikilizeni jambo hili la tiketi, maana ndilo lililoniponza. Siku hizi magofu yale makubwa ya Italia hayakuingizi hivihivi. Watu wamezidi, wameweka kikomo cha watu kwa siku, na tiketi inaandikwa jina lako. Getini wanalinganisha jina hilo na pasipoti. Tiketi za ndege za kundi Nakato alikuwa ameshazikata, ziko salama. Ilibaki orodha ya magofu. Akaiandika, akaniletea, nikashika kalamu yangu. Nilikuwa na haraka, kuna simu mbili zinalia, na pasipoti zote zilikuwa zimepelekwa kwenye viza. Nikapitisha macho, nikapitisha kalamu, nikarudisha. "Kale Hajati," Nakato akasema.

Tukasafiri. Juu ya viwanda sitawachosha, mashine ni mashine. Siku ya mwisho basi likatupandisha mlimani mpaka barabara ilipoishia, tukaambiwa tuliobaki na miguu tupande. Njia ni changarawe na majivu meusi, inazunguka, inakurudisha nyuma hatua moja kila ukipanda mbili. Nilikuwa nimewaandikia wote, kwa herufi kubwa, waje na viatu vya kufunga. Wawili walikuja na viatu vya harusi. Mmoja alibeba sanduku la magurudumu kwa sababu hakuliamini basi. Jamani! Nilisukuma, nikavuta, nikagombeza, na nyuma ya wote alikuja Mwalimu na fimbo yake, ameshika kamba ya njiani, analeta hatua zake kimya kimya. Huyo tu ndiye ambaye hakunipa kazi.

Juu kabisa ni kasoko, lile shimo la volkano, kubwa la kumeza mtaa mzima wa Kabalagala na kelele zake. Kuta za mawe, chini mawe, na pembeni kimvuke kinatoka kama cha birika lililoepuliwa. Mwongozaji wa pale akasema mlima uko hai. Mama Furaha akachungulia, akachungulia tena, akanigeukia na mikono kiunoni.

"Hajati, ni hii ndiyo volkano? Ya kwetu iko inawaka. Hii iko inalala."

Wenzake wakacheka, kisha wakataka nimwulize mwongozaji kama kuna nyingine. Nyingine! Nimewapeleka watu juu ya mlima ambao dunia nzima inaujua, wanataka nibadilishiwe kama kitenge chenye doa. Mwalimu alikuwa kando yao. Alikuwa ameshika uzio, uso ameuelekeza shimoni, anazungusha shingo polepole ili lile bomba lake lipite kila mahali. Nilipomwendea aliniambia anaona ukubwa, na ukubwa unamtosha. Alichotaka ni kule chini, akaonyesha kwa fimbo, akikosea upande kidogo.

Tulifika kwenye geti la magofu saa saba na nusu mchana, muda wetu uliopangwa. Nikawapanga mstarini, nikagawa tiketi na pasipoti. Wakapita mmoja mmoja. Afisa wa geti, mama mmoja mwenye miwani ya kamba, alikuwa akitazama huku na huku na kuwapungia mkono wapite. Mwalimu alikuwa wa mwisho. Yule mama akatazama tiketi, akatazama pasipoti, akarudia. Akaniita, akaniwekea vyote viwili sambamba.

Tiketi ilisema REMIGIUS. Pasipoti ilisema LEMIGIO.

Nikaeleza kwa Kiingereza, nikaeleza kwa mikono, kwamba ni mtu mmoja, jina moja, kwamba kwetu L na R ni ndugu. Akanijibu kwa upole kwamba haya ni majina mawili, anayeruhusiwa kubadilisha jina ni aliyenunua, tena kabla ya siku yenyewe, na tiketi za leo zimekwisha. Kesho asubuhi zipo. Nikamwambia kesho asubuhi tuna ndege. Akasema anasikitika, na nyuma yetu watu walishaanza kuguna.

Nikawaruhusu wengine waende na mwongozaji wa ndani. Nikamkalisha Mwalimu kwenye ukuta wa mawe chini ya msonobari, nikatoa simu, nikampigia Nakato. Wallahi nilikuwa nimeyapanga maneno yangu yote. Nilimwuliza kama anajua amefanya nini. Nilimwambia miaka saba namfundisha herufi mbili, mbili tu, na leo mzee wa watu amefika mlangoni pa kitu alichokitamani maisha yake yote, amerudishwa kwa sababu yake. Nilisema mengi. Nakato aliniacha nikamaliza.

"Hajati," akasema, "mimi niliandika L. Nilinakili kwenye fotokopi ya pasipoti. Ni wewe ulikata, ukaweka R mwanzoni, na U na S mwishoni, kwa kalamu nyekundu. Karatasi ninayo hapa."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambiaje, Hajati? Wewe hukosei."

Nyani haoni kundule. Nikakumbuka vizuri sana. Niliona Lemigio kwenye ile orodha, nikasonya, nikajisemea huyu mtoto hata jina la mtakatifu hajui, ni Remigius hilo, nimeliona kwenye mbao za makanisa. Nikasahihisha. Sikwenda kuangalia ile fotokopi, sikuuliza. Nilimsahihisha mtu mzima jina lake alilopewa na baba yake, bila yeye kujua, na nikaona nimefanya kazi nzuri.

Nilirudi pale ukutani. Nilitamani kumwambia kwamba ni kompyuta. Wasafiri huamini kila kitu ukikitupia kompyuta. Lakini alikuwa ameinua uso ananisubiri, na yale macho hata hayakujua nimesimama upande gani. Nikamwambia ni mimi. Nikamweleza yote, kalamu na kila kitu. Akatikisa kichwa taratibu kama mwalimu anayerudisha daftari.

"Umeandika Kilatini kizuri, Hajati," alisema. "Lakini huyo siye mimi."

Kisha akaniambia nisijisumbue. Amepanda mlima, amesikia kwamba mji upo, upepo wake umempiga. Heri kufa macho kuliko kufa moyo, alisema, na moyo wake mzima. Alikuwa ananifariji, mimi! Afadhali angenitukana. Mtu akikutukana mnapatana mbele ya safari, lakini akikusamehe hivyo unabaki na mzigo wako wote kichwani.

Nikampigia Mkurugenzi. Nilimwambia nataka kubaki na Mwalimu mpaka kesho, kundi litangulie, nibadilishe tiketi zetu mbili. Aliuliza nani amekosea, nikamwambia mimi. Akasema basi nisiongeze kosa juu ya kosa.

"Hajati, kiongozi wa msafara haachi kundi. Hiyo ni sheria ya kwanza. Mzee tutamwandikia barua ya pole, tutampa punguzo la safari nyingine."

"Safari nyingine ataiona na nini?"

"Ukibaki," alisema, "ubaki moja kwa moja."

Alikuwa sahihi, msinielewe vibaya. Sheria hiyo nimewafundisha vijana wengi, na ningemfukuza mwenyewe kiongozi aliyewaacha watu kumi na wanne uwanja wa ndege wa ugenini, wawili kati yao wakiwa na viatu vya harusi. Nilimwambia nimemsikia, nikakata simu.

Waliporudi kutoka magofuni, wengine wakilalamika kwamba mji mzima hauna hata nyumba moja yenye paa, nilimwita Mama Furaha pembeni nikamwomba awaongoze wenzake mpaka Entebbe. Nilitegemea aogope kidogo. Alinitazama kama nimemwuliza kama anajua kupika maharage. Alisema yeye alikimbia mlima wa moto na watoto wawili na sufuria, akavuka mpaka bila karatasi hata moja, sasa hapa kila mtu ana pasipoti na mabango yana mishale, kitamshinda nini? Akanyoosha mkono nimpe kibendera. Nikampa. Waliondoka asubuhi wamejipanga vizuri kuliko nilivyowahi kuwapanga.

Nawaambia na mwisho wa kazi, ili tusibaki tunaudhiana. Nilifika Kampala siku mbili baada ya kundi, barua ikiwa mezani. Ilisema nimestaafu, inanishukuru, inanitakia afya. Mkurugenzi hakutoka ofisini kwake. Sikumlaumu, wala simlaumu leo. Ila wangeweza kuandika jina langu sawasawa, maana bahasha ilisema Hajati Lehema. Nilicheka peke yangu ngazi nzima mpaka chini kwenye duka la viatu. Aliyeichapa si Nakato. Nakato alishapewa dawati langu, na kitu cha kwanza alichofanya ni kuning'iniza ukutani karatasi inayosema jina linakiliwa, halisahihishwi. Hilo ndilo somo lote la kazi ile. Mimi nililipata siku ya kwanza kwa Meneja wa Tiketi, nikalifanya la L na R, kumbe lilikuwa la mtu.

Sasa nakaa Nakawa, nyuma ya soko, nakunywa chai yangu ikiwa moto, jambo ambalo kiongozi wa msafara hajui ladha yake. Vijana wanakuja kuniuliza mambo ya viza. Nawajibu nikigomba, ndivyo nilivyo. Uzee haukunipa upole, ulinipa muda tu. Mwalimu yuko Ggaba. Hiyo Krismasi ilifika kama daktari alivyosema, na bomba likafunga. Nikienda kumwona ananijua kwa hatua.

Ila asubuhi yenyewe sijawasimulia.

Tulikuwa wa kwanza getini. Tiketi mpya ilisema LEMIGIO, nilikuwa nimeipiga herufi kwa herufi na pasipoti iko mapajani, nikaikagua mara tano. Yule mama wa miwani ya kamba alitukumbuka. Akalinganisha, akampa Mwalimu mkono, akamsaidia kupita.

Sikujua mtu anaweza kutembea vile. Aliniwekea mkono begani, lakini yeye ndiye aliyeniongoza. Aliniambia tukishuka hapa tutakuta njiapanda, tukaikuta. Aliniambia kuna mawe makubwa ya kuvukia barabara, watu wasiloe miguu, na magari ya kukokotwa yanapita katikati yake, na yalikuwepo. Aliinama akapitisha vidole kwenye mifereji miwili ambayo magurudumu yalikuwa yameichimba kwenye jiwe, akaifuata hatua kadhaa akiwa ameinama vilevile, mzee mzima na koti lake la Jumapili, na watalii wanampisha. Alikuwa ameichora ile mifereji ubaoni miaka arobaini. Alisema aliichora karibu karibu mno, wanafunzi wake wote wamemaliza shule na barabara nyembamba vichwani.

Nilichoka, magoti yalikuwa yananiuma ya mlima wa jana, na jua lilishaanza kuwa kali. Nilimwambia tupumzike. Akasema bado kuna ukuta mmoja.

Ulikuwa mbele ya nyumba, umefunikwa kioo, na juu ya chokaa kulikuwa na maandishi ya rangi nyekundu, yamefifia. Akasogea mpaka pua ikagusa kioo. Akarudi nyuma. Akasogea tena. Nikaona mabega yake yanashuka, nikaelewa. Ule mji mkubwa uliingia kwenye bomba lake vipande vipande, lakini herufi hazikuingia.

"Nisomee," alisema.

"Mwalimu, mimi Kilatini sikijui."

"Sikuombi Kilatini. Nipe herufi. Hiyo ndiyo kazi yako, siyo?"

Basi nikasimama pale, katika mji wa watu waliokufa kabla dunia haijajua kuna Kampala, nikamsomea ukuta kama manifesti. Romeo. Oska. Golfu. Nilikwenda polepole. Palipofifia nilimwambia pamefifia. Palipokuwa na mchoro nisioujua sikukisia. Nilimwambia una mguu mmoja, umepinda chini, yeye mwenyewe akaamua. Aliyarudia kwa midomo bila sauti, anayaunga, halafu akaanza kutabasamu.

"Hili ni tangazo la uchaguzi," alisema. "Kama haya yanayobandikwa Nakawa kwenye nguzo za umeme. Huyu bwana anaomba kula. Anawaambia watu wa mtaa wake, nipeni kula, mimi ni mtu mwema."

Ulimi wangu ulishainuka. Kura, Mwalimu. Ni kura, kwa R. Kula ni chakula. Tangu nilipotoka Mombasa sijawahi kuliacha neno la namna hiyo likapita mbele yangu likiwa hai. Nikamgeukia. Alikuwa amesimama na kiganja juu ya kioo, na machozi yanamtoka waziwazi, wala hayafuti, na bado anatabasamu.

"Wakampa hiyo kula?" nikamwuliza.

"Hatujui, Hajati. Endelea. Inayofuata ni herufi gani?"

Nikainama, nikaitazama vizuri, nikamsomea.